Jina Lake Kwanza: Namna Makumbusho ya Sanaa Yanavyojenga Mkusanyiko wa Kazi za Wanawake, kwa Anayeanzia Dodoma

Kadi iliyowekwa pembeni ya chungu ilisomeka hivi: "Chungu cha maji. Wagogo. Udongo." Hatua nne kutoka hapo ilining'inia picha ya rangi ya mafuta. Kadi ya picha ile ilikuwa na jina la mchoraji, mwaka aliozaliwa, chuo alichosoma na mwaka aliochora. Mchoraji alikuwa mwanamume. Mfinyanzi alikuwa mwanamke, kwa sababu huku kwetu ufinyanzi ni kazi ya akina mama tangu hapo, lakini kadi ilimtaja kwa jina la kabila tu, kana kwamba Wagogo wote walikaa chini wakafinyanga chungu kimoja.

Kwa miaka kadhaa nimeshika rejista za vitu vya sanaa, na kosa hili nimelikuta kila nilipopita. Nimelifanya pia mimi mwenyewe, nitalieleza mbele. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba mkusanyiko wa kazi za wanawake unaanza na kalamu, pesa inafuata. Unaweza kununua vyungu mia na bado usiwe na kazi hata moja ya mwanamke, ikiwa hujaandika ni mwanamke gani.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye chumba, rafu na nia: halmashauri, chuo, parokia, hoteli yenye ukumbi, au mtu binafsi. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Majengo yanapanda kila upande, na kila jengo lina kuta zinazosubiri kutundikwa kitu. Huu ndio wakati wa kuamua kitatundikwa nini, na cha nani.

Hatua ya kwanza: hesabu ulivyo navyo

Kabla ya kununua chochote, chukua daftari upite rafu kwa rafu. Kwa kila kitu jibu maswali matatu: aliyekitengeneza ana jina katika kumbukumbu zako? Ni mwanamke au mwanamume? Kimewekwa ukutani au kimefungiwa stoo?

Mwaka 1989 wasanii wanawake wa New York waliojiita Guerrilla Girls waliingia Metropolitan Museum of Art wakahesabu hivyohivyo. Walikuta wanawake hawafiki 5 kwa kila wasanii 100 katika kumbi za sanaa ya kisasa, ilhali 85 kwa 100 ya picha za watu walio uchi zilikuwa za wanawake. Wakachapa bango. Maelezo marefu hayakuhitajika, hesabu ilitosha.

Hesabu yako nayo itakushtua, hasa safu ya jina. Penye pengo usiandike "msanii hajulikani". Hajulikani na nani? Majirani zake wanamjua, wajukuu wake wanamjua, ni wewe ndiye humjui. Andika "mfinyanzi hajatambuliwa". Neno hilo linakuachia deni, na deni huwa linadai.

Hatua ya pili: andika sera, hata iwe ukurasa mmoja

Sera ya mkusanyiko inasema mnakusanya nini, kutoka wapi, kwa njia zipi, na nani anaamua. Wengi huiona ni karatasi ya wafadhili. Mimi naiona ndiyo mlango: neno moja likikaa vibaya, nusu ya watu wanabaki nje.

Neno lenyewe ni "sanaa". Sera ikisema "michoro na sanamu", umewafungia nje akina mama wa Dodoma, Singida na Kondoa kabla hujatoka nyumbani, maana kazi zao nyingi ni ufinyanzi, ususi wa vikapu na mikeka, shanga, vibuyu vilivyochorwa na ngozi zilizopambwa. Mwanamke wa Kidatoga akishona sketi ya ngozi na kuipanga shanga safu kwa safu, anaamua rangi, mizani na nafasi kama anavyoamua mchoraji yeyote. Taja aina hizo zote kwa majina.

Lakini lipo kosa la upande wa pili, nalo ni baya vilevile: kumwona mwanamke ni mfinyanzi tu. Jijini wapo wasichana wanaochora kwa rangi za akriliki, wanaopiga picha, wanaobuni kwa kompyuta. Wapo waliosoma sanaa Chuo Kikuu cha Dodoma na wapo waliojifunza wenyewe kwa simu. Sera iwabebe wote. Na iandike wazi kwamba kazi hizi zitakaa kwenye ukumbi mkuu, maana nimeziona "kona za akina mama", nyingi ziko karibu na choo.

Kuhusu njia, wenzetu wa Marekani wamejaribu kadhaa. Wilhelmina Cole Holladay alianzisha makumbusho maalumu ya sanaa za wanawake, National Museum of Women in the Arts, yaliyofungua milango Washington mwaka 1987. Baltimore Museum of Art yalitangaza kwamba mwaka 2020 mzima yatanunua kazi za wanawake peke yake. Kule Philadelphia, Pennsylvania Academy of the Fine Arts ilipewa mwaka 2010 karibu kazi 500 za wanawake na Linda Lee Alter, mkusanyaji aliyezinunua moja moja kwa miaka mingi. Taasisi hiyohiyo mwaka 2013 iliuza mchoro wa Edward Hopper kwa zaidi ya dola milioni 40 ili ipate mfuko wa kununulia kazi nyingine.

Hiyo ya kuuza usiiguse. Makumbusho machanga yakianza kuuza, hakuna atakayewapa tena kitu. Ya Baltimore inawezekana hata kwa bajeti ya laki tano: amueni mwaka mmoja, au miwili, kila shilingi ya ununuzi iende kwa wanawake. Na somo la Alter ndilo kubwa kwetu. Mtu mmoja mwenye subira, akinunua kidogo kidogo na kutunza karatasi zake vizuri, anaweza kugeuza sura ya taasisi nzima.

Hatua ya tatu: nenda, na uende kwa wakati wake

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili. Wakati huo mama yuko shambani na uwele wake au mtama wake, usimsumbue. Udongo nao umelowa na kuni zimelowa, wafinyanzi wengi hawachomi. Nenda kuanzia Juni, mavuno yakiwa yameingia. Mwanzoni mwa Agosti pita viwanja vya Nanenane pale Nzuguni. Vikundi vya akina mama huja na vikapu, vyungu na shanga, na kwa siku mbili utapata mawasiliano ambayo ungeyatafuta miezi. Ila pale chukua namba za simu tu. Kununua kwa ajili ya makumbusho kufanyike nyumbani kwa aliyetengeneza.

Ukifika kijijini, anzia ofisi ya mtendaji, jitambulishe, weka barua, msalimie mwenyekiti. Ukisikia salamu ya "Mbukwa", itikia kwa heshima hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Nenda na mwanamke mwenzenu anayejua lugha ya pale, Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe. Bibi wa miaka sabini hatamweleza kijana wa kiume asiyemjua jinsi alivyojifunza kazi kwa mama mkwe wake.

Kisha kaa. Siku ya kwanza usinunue. Nimewahi kukaa asubuhi nzima na bibi mmoja upande wa Bahi, namwangalia anavyolainisha mtungi kwa kokoto. Kokoto yenyewe ndogo, nyeusi, upande mmoja umechakaa ukawa bapa kama kigae. Anailowesha kidogo, anaivuta kutoka begani mwa mtungi kushuka chini, anainua, anarudia pembeni yake. Kila mstari unang'aa kwa muda halafu unafifia udongo ukinywa maji. Nikamuuliza kokoto ameipata wapi. "Ya mama," akasema, "naye alipewa." Mkunjo wa mdomo wa mtungi aliufanya kwa kitambaa kilicholowa, mara moja, bila kurudia, huku anaongea na mjukuu.

Vitu hivyo ndivyo vya kuandika. Uliza udongo unachimbwa wapi na nani anaubeba, unachanganywa na nini, unakaushwa siku ngapi, unachomwa kwa kuni zipi au kwa samadi. Uliza alifundishwa na nani na yeye amemfundisha nani. Uliza chombo ni cha nini. Rekodi sauti kwa simu kwa ruhusa yake, na upige picha mikono ikiwa kazini.

Hata kazi isiyobebeka inakusanywa. Akina mama wa Kigogo ndio wapigaji wa ngoma za muheme, na mipigo yao haitundikwi ukutani. Rekodi picha na sauti, na uandike majina ya wapigaji wote kwa mpangilio waliosimama. Jina la kikundi peke yake halitoshi.

Jambo moja la kisheria: ukionyeshwa vigae au vyombo vilivyofukuliwa ardhini, usinunue wala usivihamishe. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Toa taarifa kwa wahusika. Ni hivyohivyo kwa michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Hapo usikusanye chochote zaidi ya picha. Na tukiwa Kolo, kijiji cha huko Kondoa chenye michoro hiyo, tukumbuke kwamba mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey aliishi huko akinakili michoro ile kwa mkono, miamba kwa miamba. Waongozaji wengi husema "mababu walichora". Mkono uliochora hakuna aliyeuona. Nasi tusiupe jinsia tusiyoijua.

Hatua ya nne: jina

Hapa naomba tusimame kidogo, ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Mwanamke wa kwetu ana majina mengi. Kijijini anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani. Kwenye kitambulisho cha taifa yumo na jina la baba yake au la mume. Ana la ubatizo au la Kiislamu, na ana lile alilopewa na bibi yake siku ya kuzaliwa, pengine la msimu au la tukio. Ukiandika "Mama Fulani" tu, baada ya miaka ishirini utakuwa umeandika jina la mtoto.

Kwa hiyo andika yote kwenye fomu: jina la kitambulisho, jina la kuzaliwa, jina analoitwa. Kisha uliza swali la nne, ambalo ndilo la adabu: "Mama, kwenye kadi ukutani unataka tuandike lipi?" Bibi wa Bahi aliponisikia nikiuliza hivyo aliacha kokoto. Akatamka jina ambalo hata mjukuu wake alikuwa halijui. Mtoto akacheka, bibi akalirudia polepole, herufi kwa herufi, mpaka nikaliandika sawa.

Ikiwa kazi imepitia kikundi, kwa mfano kikundi cha kuweka na kukopa kinachosuka vikapu pamoja, pata jina la kikundi pamoja na jina la aliyesuka kikapu hicho. Kama watatu walishika kikapu kimoja, andika watatu.

Sasa kosa langu. Mwaka mmoja nilinunua mitungi miwili kando ya barabara kutoka kwa mchuuzi. Ilikuwa mizuri, bei nafuu, na nilikuwa na haraka. Nilidhani nitarudi kuuliza. Niliporudi mchuuzi alishahama na simu haipatikani. Mitungi ile ipo hadi leo, kila mmoja na kadi yake tupu, na mtu akiniuliza ni ya nani sina la kumwambia.

Hatua ya tano: bei, malipo na karatasi

Sokoni Majengo chungu kinauzwa kwa ukubwa, kwa sababu mnunuzi anakwenda kupikia. Makumbusho hayaendi kupikia. Mnanunua ubunifu, historia na haki ya kukionyesha kwa miaka mingi. Kubembelezana bei na mama hapo ni aibu. Fanya hesabu ya siku: za kuchimba na kubeba udongo, kufinyanga, kukausha, kuchoma, na vile vilivyopasuka motoni, maana hivyo navyo alivifanyia kazi. Zidisha kwa ujira mnaomlipa fundi wa kiume anayeheshimika, kisha ongeza. Na kipimo changu cha haki ni hiki: ungemwambia mchoraji wa kiume bei hiyo bila kuona haya?

Lipa mkononi mwake au kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Akisema pesa apokee mume au mtoto, sawa, ni uamuzi wake, ila aseme yeye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali yake na kuiuza. Hati ya mauziano aisaini mwenyewe.

Hati iwe ya Kiswahili chepesi, nakala mbili, isomwe kwa sauti kabla ya sahihi au dole gumba, na pawe na shahidi anayemwamini yeye. Itaje kitu, vipimo, bei, tarehe, jina atakaloandikiwa, na kwamba kununua kitu si kununua hakimiliki. Mkitaka kuchapa picha ya kikapu chake kwenye kalenda au fulana, hayo ni makubaliano mengine na malipo mengine, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zawadi nazo ziwe na hati. Zikataeni zenye masharti ya kuonyeshwa milele.

Hatua ya sita: rejista

Kila kitu kipate namba siku kinapoingia. Mtindo unaotumika duniani ni rahisi: mwaka, nafasi ya kundi lililoingia mwaka huo, kisha kitu. 2025.4.2 ni kitu cha pili katika kundi la nne la mwaka 2025. Andika kwenye daftari lenye jalada gumu kwa wino usiofutika, kisha kwenye kompyuta, na nakala moja ikae jengo lingine. Kwenye kitu chenyewe usiandike kwa kalamu. Kikapu na shanga zifungwe utepe wa pamba ulioandikwa namba, na chungu kipate namba ndogo chini ya kitako juu ya tabaka la varnishi ya makumbusho inayoweza kufutwa.

Jina la mtengenezaji liwe safu ya kwanza baada ya namba, kabla ya aina ya kitu na kabla ya kabila. Mpangilio huo tu utabadilisha namna wafanyakazi wenu wanavyoongea.

Hatua ya saba: kutunza katika hali ya hewa ya Dodoma

Kiangazi chetu ni kikavu, upepo unapuliza vumbi hadi ndani ya kabati, na usiku unapoa wakati mchana umechoma. Vibuyu na ngozi hupasuka kwa mabadiliko hayo kuliko kwa ukavu wenyewe. Chagua chumba cha ndani kisicho na ukuta wa magharibi, funga madirisha saa za upepo, na uninginize kipima unyevu cha bei ndogo. Ukishindwa kufikia asilimia 45 hadi 55 zinazotajwa vitabuni, basi angalau unyevu usipande na kushuka ghafla.

Vyungu vyetu vimechomwa kwa moto wa wazi, havikuiva kama vya kiwandani. Usivioshe. Masizi ya kitako ni sehemu ya historia yake. Beba kwa mikono miwili, mmoja chini, wala usishike mdomo. Shanga usizining'inize kwa uzi wake wa zamani. Zilaze juu ya kitambaa cha pamba. Vikapu vilivyotiwa rangi na vitambaa visipate mwanga zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Rangi ya mafuta huvumilia hadi 200.

Mchwa ndio adui mkubwa. Inua rafu zisiguse ukuta, na kagua kila wiki. Kikapu kipya kifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kilale kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kisha kikae siku moja nje bila kufunguliwa. Ngozi yenye mafuta na shanga usiigandishe bila kumwuliza mtaalamu.

Hatua ya nane: onyesha

Kazi iliyofungiwa stoo bado haijakusanywa sawasawa. Mchoraji Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954, na maonyesho yake ya kwanza yalikuwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, ikawa picha ya kwanza ya kujichora ya mwanamke mweusi kuingia katika mkusanyiko wao. Miaka 40 ilipita kati ya brashi na ununuzi. Msichana anayechora leo Nkuhungu au Chang'ombe asisubiri hivyo.

Kadi iwe ya Kiswahili, jina lake juu kwa herufi kubwa kuliko zote, kisha kijiji, mwaka, kitu na udongo au uzi aliotumia. Siku ya ufunguzi walipieni wasanii nauli na malazi, na wakae viti vya mbele. Baadaye warudishieni picha zilizochapwa za kazi zao, pamoja na za vitu vyenu ambavyo bado havina jina.

Mimi nilirudi Bahi na picha za namna hiyo. Kati yake ilikuwamo ya chungu kile cha "Chungu cha maji. Wagogo. Udongo." Bibi aliitazama, akaigeuza kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye mdomo wa chungu. "Hiki si cha maji," akasema. "Mdomo huu mpana ni wa pombe. Na mistari hii ya begani huku kwetu hatuweki, wanaweka wa upande wa Manyoni. Nenda kaulize huko." Niliporudi ofisini nilifungua rejista, nikapiga mstari juu ya neno "maji" bila kulifuta, nikaandika "pombe", tarehe, na jina lake yeye aliyesahihisha. Safu ya mtengenezaji bado inasema hajatambuliwa. Manyoni naenda Julai.